Gari Linaposita: Vitenzi vya Garaji na Njaa ya Esansi

Katika makala hii nataka kueleza jinsi fundi anavyotafuta ugonjwa wa gari ambalo moteri yake inasita mtu anapokanyaga akselerateri. Nitafuata gari moja lililogeuzwa, ambalo nililiona likitibiwa katika garaji ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, ambako mimi husaidia siku zisizo na masomo. Msomaji wa jarida la kitivo cha lugha ana haki ya kuuliza: habari za pompi na filtri zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunapanda magari ya namna hii kila siku, na wengine tunayamiliki. Pili, sehemu ngumu ya kutafuta ugonjwa huu haikufanywa kwa ufunguo wala kwa kipimo. Ilifanywa kwa maneno, na hasa kwa vitenzi.

1. Gari lenyewe

Gari ni Toyota Corolla la miaka ya 1990. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na moteri ya lita 1.3 yenye karburateri. Moteri hiyo ilipochoka, mwenye gari, ambaye ni baba yangu mdogo, alinunua moteri nyingine ya lita 1.6, ya injeksioni, iliyotolewa katika gari lililopata ajali. Garaji moja ikaipachika. Kwa macho kazi ilikuwa safi: moteri ilikaa sawa, ilikuwa ikiwaka asubuhi bila kusumbua, na hapakuwa na mafuta yaliyovuja chini.

Lakini lile halikuwa tena gari moja. Tangi, tiyo na nyaya zilikuwa za gari la karburateri. Moteri, injekteri na kompyuta vilikuwa vya gari la injeksioni. Mafundi wanaozoea magari yaliyogeuzwa huanza kutafuta kwenye maungio, pale kitu cha gari la kwanza kinapokutana na kitu cha gari la pili. Vitu vyenyewe vinaweza kuwa vizima vyote, na gari likaumwa kwa sababu havijazoeana.

Baba mdogo hubeba abiria kati ya Lubumbashi na Likasi, karibu kilomita 120 za barabara ambayo malori ya shaba hayakatiki mchana wala usiku. Kwenye barabara hiyo kupita lori ni jambo la kuhesabu: unaona nafasi, unakanyaga, unarudi upande wako kabla gari la mbele halijafika. Moteri ikilegea katikati ya hesabu hiyo, watu watano wako upande usio wao bila mahali pa kukimbilia. Jambo hilo lilimpata mara mbili, na mara zote mbili alifaulu kurudi nyuma ya lori. Baada ya hapo akaacha kabisa kupita malori. Safari zikawa ndefu, na wateja wakaanza kupanda magari mengine.

Kwa muda wa miezi mitano alikuwa ameshapeleka gari katika garaji tatu. Ya kwanza ilibadilisha pompi. Ya pili ilibadilisha buji na filtri. Ya tatu ilibadilisha pompi tena. Jumla ya pesa ilipita dola 200, na gari lilibaki vilevile.

2. Neno moja, maradhi manne

Garaji zote tatu zilisikia neno moja: inakata. Ni neno ambalo kila shofere wa Lubumbashi hulitumia moteri isipotii mguu. Fundi wa garaji ninakosaidia, ambaye sote tunamwita Mukubwa, alilisikia pia, lakini hakufungua kofia ya moteri. Alivuta kiti, akauliza. Nakumbuka mazungumzo hayo hivi:

– Papa, gari iko na shida gani?
– Inakata, Mukubwa. Nazani ni pompi.
– Pompi tutaiona. Uniambie kwanza ile uliona. Inakata leo, ao inakataka?
– Inakataka. Kila siku.
– Inakataka wakati gani? Ukigusa tu akselerateri, ao ukikanyaga mupaka chini?
– Yote mbili.
– Basi ni magonjwa mbili. Tuanze na moya.

Wasomaji wa kitivo hiki wanakijua kiambishi -ka ambacho Kiswahili cha Lubumbashi hutia mwishoni mwa kitenzi kuonyesha mazoea, pale ambapo Kiswahili sanifu hutumia hu-. Katika garaji kiambishi hicho kina kazi ya matibabu. Gari ambalo «inakata» tangu asubuhi ya leo huenda limenunuliwa esansi mbaya jana jioni. Gari ambalo «inakataka» lina kasoro ya kudumu, na hakuna faida ya kumwaga tangi.

Tazama pia jinsi fundi alivyokataa jibu la «nazani ni pompi». Alitaka maelezo, na mwenye gari alimpa sababu. Ni tofauti ileile tunayofundishwa katika kazi ya uwanjani: mwombe msemaji akupe sentensi anayosema, usimwombe akuchambulie sarufi yake. Dereva anajua kuliko mtu yeyote gari lake linafanya nini. Kwa nini linafanya hivyo ni swali jingine, na akilijibu mapema mno, fundi mwenye haraka hukimbilia dukani.

Baada ya maswali kama kumi, neno «inakata» lilikuwa limegawanyika. Mimi nayaandika maradhi hayo kwa vitenzi vinne, kwa sababu ndivyo Mukubwa anavyoyatenganisha:

Kusita: mguu unagusa akselerateri, moteri inakawia muda wa kupepesa jicho, kisha inaenda. Kasoro iko katika mpito, yaani katika ile nukta ya kubadilisha mwendo.

Kulegea: mguu uko chini kabisa, gari linapanda mlima, na baada ya sekunde kadhaa nguvu inapungua polepole, kama mtu anayeishiwa na pumzi. Ukiinua mguu kidogo, pumzi inarudi. Mara nyingi hii ni njaa ya esansi.

Kushtuka: moteri inakatika ghafla na kurudi ghafla, kama taa yenye waya uliolegea. Hapo fundi huanza na umeme: bobini, buji, nyaya.

Kuzama: moteri ni nzito, moshi ni mweusi, harufu ya esansi inasikika nyuma ya gari. Moteri haina njaa. Imelishwa kupita kiasi.

Gari la baba mdogo lilikuwa likisita na pia likilegea. Halikuwa likishtuka wala kuzama. Bila kugusa kitu, nusu ya moteri ilikuwa imeshaondolewa katika orodha ya washukiwa.

3. Moteri inakula nini

Ili tuelewe kwa nini vitenzi hivyo vinaelekea kwenye vitu mbalimbali, inafaa kujua moteri inakula nini. Gramu 1 ya esansi huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue yote. Dereva anapokanyaga akselerateri hagusi esansi hata kidogo. Anafungua papiyo, kile kibamba cha duara kinachozunguka katika mlango wa hewa, ambacho Wafaransa walikifananisha na kipepeo. Hewa ikiingia zaidi, ni juu ya mfumo mwingine kuleta esansi inayolingana nayo.

Papiyo ikifunguka ghafla, hewa hukimbia kwanza kwa kuwa ni nyepesi. Esansi ni nzito, na sehemu yake hugandama kwenye kuta za njia kabla ya kufika katika silinda. Kwa nukta moja moteri inapata hewa nyingi na esansi kidogo. Karburateri hutibu jambo hilo kwa kipompi kidogo kinachorusha tone la ziada kila mguu unaposhuka. Katika injeksioni, kapteri iliyofungwa kwenye papiyo huambia kompyuta kwamba mguu umeshuka, na kompyuta huacha injekteri wazi muda mrefu kidogo. Tone hilo la ziada likikosekana, moteri inasita.

Kulegea ni jambo tofauti. Hapo mpito umekwisha, mguu umetulia chini, na moteri inataka esansi nyingi bila kukoma. Pompi ya gari la karburateri haihitaji nguvu kubwa: shinikizo la bar 0.2 au 0.3 linatosha kujaza kikombe cha karburateri. Injekteri za moteri ya namna hii zinataka karibu bar 3, yaani mara kumi zaidi. Ungio la kwanza la kutiliwa shaka katika gari letu liko hapo.

Kompyuta inajuaje hewa imeingia kiasi gani? Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa injeksioni ya umeme ulioitwa D-Jetronic, ukafungwa katika Volkswagen 1600. Herufi D ni ya neno Druck, yaani shinikizo: mfumo unapima shinikizo la hewa nyuma ya papiyo, kisha unakisia uzito wake. Baadaye ukaja L-Jetronic, na L ni ya neno Luft, yaani hewa: huu unapima hewa yenyewe inavyopita. Toyota nayo ilitumia herufi hizohizo kutofautisha mifumo yake. Kwa fundi herufi hizo zina maana kubwa. Katika mfumo wa D, kitiyo chembamba cha mpira kinachoelekea kwenye kapteri ya shinikizo kikipasuka, kompyuta inadhani moteri ina mzigo mzito, inamwaga esansi, na moteri inazama. Moteri ya baba mdogo ni ya ukoo wa D. Kitiyo kilikaguliwa, kikaonekana kizima, jambo lililolingana na maelezo ya dereva.

4. Kutoka kitenzi hadi kipimo

Vitenzi huonyesha njia, lakini haviwezi kuwa ushahidi wa mwisho. Ndipo vipimo vikaanza, kuanzia vile visivyo na gharama.

Cha kwanza kilikuwa rangi ya buji. Mukubwa aliendesha gari mlimani, akazima moteri palepale, akatoa buji zikiwa za moto. Buji nyeusi yenye masizi ingesema esansi ni nyingi. Rangi ya kahawia ingesema mambo ni sawa. Zilitoka na weupe wa majivu: moteri inaungua ikiwa na njaa. (Neno lenyewe lina safari ndefu. Kwa Kifaransa ni mshumaa, na mshumaa ulipewa jina la Bougie, mji wa Algeria unaoitwa sasa Béjaïa, uliokuwa ukiuza nta. Fundi wa Kenya anapodai «buji» anataja mji wa Afrika bila kujua.)

Cha pili kilikuwa esansi yenyewe. Wengi wetu hununua kwa kadafi, wale vijana wanaouza esansi katika chupa kando ya barabara, na si kila chupa ni safi. Kipimo ni rahisi: jaza chupa nyeupe ya kioo, iache itulie robo saa mbali na moto, kisha itazame kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko esansi, kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari. Hapakuwa na mstari.

Hapa niseme neno kuhusu mahali tunapoishi. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko pwani. Magari mengi hutufikia kupitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa. Gari la karburateri lililorekebishwa pwani likifika hapa hupata hewa nyepesi na esansi nyingi mno, nalo huelekea kuzama. Injeksioni ya ukoo wa D hujirekebisha, kwa kuwa shinikizo ndilo inalolipima. Urefu wa mahali haukuweza kueleza njaa ya gari hili.

Cha tatu kilikuwa papiyo. Mtu mmoja alikanyaga akselerateri mpaka chini, mwingine akatazama kama papiyo inafunguka yote. Katika magari yaliyogeuzwa kamba ya akselerateri mara nyingi ni ya gari la kwanza, nayo huweza kuwa fupi au ndefu kupita kiasi. Hapa ilifika mwisho. Kisha Mukubwa akaweka kipima umeme cha mshale kwenye kapteri ya papiyo na kuifungua papiyo polepole kwa mkono. Mshale ulipaswa kupanda taratibu kutoka nusu volti hadi zaidi ya volti 4. Ulipanda vizuri, lakini papiyo ilipofunguka kidogo, pale mguu wa dereva unapokaa saa nyingi za safari, mshale ulianguka hadi karibu sifuri, kisha ukaruka juu. Njia ya umeme ndani ya kapteri ilikuwa imechakaa mahali pamoja, kama zulia mlangoni. Kila mguu ulipopita hapo, kompyuta ilidhani dereva ameinua mguu. Kusita kukawa kumepata jina na mahali.

Cha nne kilikuwa shinikizo la esansi, na hapo ndipo mantiki ya garaji tatu za kwanza ilipofichuka. Moteri ikiwa ralanti, gari limesimama, kipimo kilionyesha shinikizo zuri kabisa. Fundi anayepima hapo na kuondoa kipimo atasema pompi haina neno, au, akiwa ameshaamini kuwa ni pompi, ataibadilisha hata hivyo. Lakini baba mdogo hakusema kwamba gari linalegea likiwa limesimama. Alisema mlimani. Ikabidi kipimo kiende mlimani: kilifungwa kwa tiyo refu, kikabandikwa nje ya kioo cha mbele ambapo mtu aliyekaa ndani anaweza kukisoma. Nje, kwa sababu esansi haipaswi kuingia mahali walipo watu hata tiyo likipasuka. Gari lilipoanza kupanda, mguu ukiwa chini, mshale ulikuwa karibu na bar 2.9. Baada ya sekunde kama nane ulikuwa 1.6, na moteri ikalegea.

5. Ugonjwa wa maungio

Sasa ilikuwa dhahiri kwamba esansi haifiki, ingawa pompi ilikuwa mpya. Mukubwa alipima umeme kwenye pompi yenyewe, moteri ikiwaka. Betri ilikuwa na volti 13.9, kwenye pompi zilifika 10.4. Volti 3.5 zilipotea njiani. Gari la karburateri halikuwa na pompi ya umeme, kwa hiyo halikuwa na waya wa kuilisha. Aliyepachika moteri alichukua umeme kwenye waya mwembamba uliokuwa wa redio, na waya wa kurudisha akaukaza juu ya bati lenye rangi. Ralanti hula esansi kidogo, hata pompi dhaifu inatosha. Mlimani haikutosha.

Tena pompi ilifungwa mbele, karibu na moteri, pale ilipokuwa pompi ya zamani. Pompi za namna hii husukuma vizuri na huvuta vibaya. Hii ililazimika kuvuta esansi kutoka nyuma ya gari kupitia tiyo jembamba, karibu na joto la moteri, na esansi inayovutwa kwa nguvu katika joto hugeuka mvuke ndani ya tiyo. Hata ungefunga pompi kumi mpya mahali hapo, zote zingeteswa vilevile.

Matengenezo yalikuwa haya: pompi ilihamishwa nyuma, chini ya usawa wa tangi, na filtri mbele yake, waya mnene ukatoka kwenye betri kupitia fyuzi na rele inayotawaliwa na kompyuta, ili moteri ikizimika, hata kwa ajali, pompi nayo inyamaze, waya wa kurudisha ukakazwa kwenye chuma kilichokwanguliwa, kapteri ya papiyo ikabadilishwa kwa nyingine iliyotumika na kupimwa. Vitu vyote viligharimu chini ya dola 40. Umeme kwenye pompi ulipanda hadi volti 13.4, na mlimani mshale wa shinikizo haukushuka tena. Baba mdogo anapita malori.

6. Nomino na vitenzi

Kila mwaka wanafunzi wa kitivo hukusanya istilahi za ufundi, na orodha zetu hujaa nomino: karburateri, filtri, tiyo, papiyo. Kazi hiyo ni nzuri, kwa maana inaonyesha jinsi Kiswahili chetu kilivyoyapokea maneno ya Kifaransa na kuyapa mdomo wa hapa. Lakini orodha ya nomino ndiyo iliyomgharimu baba mdogo dola 200. Garaji tatu zilisikia kitenzi kimoja, zikakijibu kwa nomino.

Maarifa ya fundi yamekaa katika vitenzi na katika maswali ya wakati: inafanya nini, inafanyaka lini, mzigo ukiwa gani, inarudi vipi. Vitenzi vyenyewe ni vya zamani, havikukopwa popote. Kusita, kulegea, kushtuka na kuzama vilikuwepo kabla gari la kwanza halijafika Katanga, navyo vinafanya kazi ambayo hakuna neno la kukopa linaloifanya. Napendekeza mwenzetu atakayeandika kuhusu lugha ya garaji arekodi mazungumzo kati ya fundi na mwenye gari tangu mwanzo, pamoja na maswali, badala ya kuonyesha kitu kwa kidole na kuuliza kinaitwaje.

Kwa wasomaji wenye magari, hasa yaliyogeuzwa, shauri langu ni fupi. Kabla ya kwenda garaji, andikeni mambo manne kwenye karatasi: mguu ulikuwa wapi, barabara ilikuwa ya kupanda au tambarare, moteri ilikuwa baridi au moto, na tangi lilikuwa na kiasi gani. Mpeni fundi karatasi hiyo. Neno «pompi» liacheni nyumbani.